JINA LISILOFUTIKA

Mazungumzo ya asubuhi redioni

 

Leo nitazungumza juu ya simu. Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba mhubiri akianza kusema habari za mashine, hiyo ni dalili kuwa wiki ile hakuifungua Biblia yake. Labda ni kweli. Lakini jambo nitakalowaeleza lilinipata mlangoni mwa kanisa, na baadaye nimeulizwa habari yake na watu wengi, vijana kwa wazee, hata nikaona afadhali nilieleze mara moja kwa wote.

Siku moja baada ya ibada, watu wakiwa wanatoka, mama mmoja wa ushirika wetu alibaki nyuma. Ni mjane. Mume wake alifariki mwaka 2021, nami nilikuwa mmoja wa waliomzika. Alikuwa ameishika simu yake kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika sufuria ya moto. Akaniambia, "Mchungaji, nisaidie. Baba watoto amekataa kutoka."

Sikumwelewa. Tukaketi kwenye benchi la nyuma, naye akanieleza pole pole.

Katika simu yake marehemu aliandikwa "Baba Watoto". Alipofariki, jina lile lilibaki palepale, na mama hakuligusa. Hakuna mtu aliyemhimiza kulifuta, wala haikufaa ahimizwe. Zaidi ya miaka miwili ikapita. Kisha jioni moja ya mwaka 2023 alifungua WhatsApp akitafuta ujumbe wa chama chake cha akina mama, na alipokuwa akishuka chini kwenye orodha akaona kando ya jina la mume wake picha ya kijana aliyevaa kofia, anacheka. Si picha ya mume wake. Ni kijana ambaye hajawahi kumwona maishani.

Usiku huo hakulala. Asubuhi alilifuta jina lile. Alifanya kama alivyofundishwa na mwanawe, akabonyeza, simu ikamwuliza kama ana hakika, akakubali, na jina likatoweka. Mama huyu huizima simu yake kila usiku ili asimalize moto wa betri, maana nyumbani kwake hakuna stima. Kulipokucha akaiwasha. Jina lilikuwa limerudi. Akalifuta tena. Siku ya pili limerudi. Akalifuta mara ya tatu.

Basi akamweleza jirani. Jirani hakuchelewa kupata jibu. Alisema marehemu analalamika. Kwamba siku ya mazishi kuna jambo halikutimizwa, na kwamba wako watu wa kuitwa wanaojua mambo hayo, nao hawaji mikono mitupu. Mama akaogopa. Hata hivyo, kabla ya kuwaita watu hao, alipitia kwa fundi wa simu pale sokoni. Yule fundi aliitazama simu kwa muda mfupi sana, akasema ina virusi, haina budi kuflashiwa, na kazi hiyo ni shilingi 1,500. Mama akauliza, "Ukifanya hivyo, ni nini kitakachobaki?" Fundi akajibu kwamba simu itakuwa safi kama siku ilipotoka dukani.

Hapo ndipo mama aliposita. Mume wake alipolazwa mwaka ule wa 2021, wadi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona na hakuna aliyeruhusiwa kumtembelea. Alichoweza kufanya ni kumtumia mkewe maneno kwa sauti, machache kila siku, kadiri pumzi ilivyomruhusu. Yako saba. La mwisho halifiki hata nusu dakika, na ndani yake anauliza kama ng'ombe amezaa. Sauti hiyo haiko mahali pengine popote duniani ila ndani ya simu ile.

Sasa mnaona alivyobanwa. Upande huu kuna jina linalomtisha, na upande ule kuna sauti asiyoweza kuipoteza, na pande zote mbili zimo katika kitu kimoja kinachotosha kiganja cha mkono.

Nitakiri kwenu. Mimi niliomba kwanza, wala sioni haya kusema hivyo, kwa maana mama alikuwa anatetemeka, na mtu anayetetemeka huombewa. Lakini baada ya Amina jina lilikuwa palepale. Nikalifuta kwa kidole changu mwenyewe, likatoweka, nasi tukashukuru. Nikaizima simu, nikaiwasha. Likarudi. Nikaona ni vema nikubali kwamba hapa kuna jambo nisilolijua, nikamwita binti mmoja anayefundisha watoto shule ya Jumapili, ambaye mambo ya simu anayajua kuliko wazee wote wa kanisa wakiwekwa pamoja. Binti aliposikia habari za jirani alianza kucheka, kisha akauona uso wa mama, akanyamaza. Nilimheshimu kwa kunyamaza huko.

Akasema, "Mchungaji, simu hii haina daftari moja la majina. Ina madaftari kadhaa, ila inayafungua yote pamoja na kuyaonyesha kama ukurasa mmoja."

Ndugu msikilizaji, sentensi hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Ukiishika, mengine yatakuwa mepesi. Zamani, simu zile ndogo tunazoziita kabambe au mulika mwizi ziliweka majina mahali pawili tu, ndani ya simu yenyewe au ndani ya kadi ya laini. Simu za siku hizi zinayakusanya kutoka kila upande. Yako yaliyo katika kumbukumbu ya simu. Yako yaliyo katika kadi ya laini. Yako yaliyo katika akaunti ya Google, ile ambayo kijana wa dukani alikufungulia siku uliponunua simu, naye hakukuandikia neno la siri mahali popote. Na tena programu kama WhatsApp na Telegram hujiandikia orodha zao kando, zikinakili majina yako. Mtu mmoja anaweza kuandikwa katika madaftari hayo yote, na simu, ikiona nambari ni ile ile, inayaunganisha na kukuonyesha jina moja. Wewe unafikiri unafuta jina. Kumbe umefuta nakala moja, na nyingine zipo zimetulia zinakungoja.

Kwa hiyo anayehangaika na jina lisilofutika asianze kwa kufuta. Aanze kwa kuuliza, je, limeandikwa wapi? Simu nyingi huonyesha. Ukilifungua jina lenyewe na kulitazama vizuri, utaona pameandikwa kama limetoka kwenye kadi, au kwenye simu, au kwenye akaunti fulani. Na kama huoni, iko njia aliyotuonyesha binti yule, ambayo hata mzee asiyejua kusoma maandishi madogo anaweza kuifanya: izime simu, itoe kadi ya laini, kisha iwashe bila kadi. Jina likiwa halipo, lilikuwa ndani ya kadi. Likiwa lingalipo, liko mahali pengine, au liko katika sehemu zote mbili.

Tulifanya hivyo palepale kwenye benchi, tukitumia pini ya kibandiko cha jina cha mmoja wa wahudumu kufungulia kile kitundu. Tukatazama. Jina la Baba Watoto lilikuwa lingalipo. Tukarudisha kadi, binti akayatazama madaftari moja moja, akapata kwamba marehemu ameandikwa mahali patatu. Alikuwa katika kadi ya laini, ambako aliandikwa mwenyewe kwa mkono wake miaka mingi iliyopita, simu ikiwa bado kabambe. Alikuwa katika akaunti ya Google, tena ya pili, ile aliyoifungua mwanawe, maana ile ya kwanza neno la siri lilisahauliwa. Na alikuwa katika orodha ya WhatsApp.

Hapo siri ya kurudi kila asubuhi ikafunuliwa. Simu inapowashwa huisoma kadi upya. Mama alikuwa akiifuta nakala iliyoko katika simu jioni; asubuhi simu ikaamka, ikasoma kadi, ikamkuta Baba Watoto ameandikwa humo, ikamweka tena mahali pake. Hapakuwa na mzimu. Ilikuwa ni karani mwaminifu mno anayenakili daftari lake kila kukicha.

"Basi tumfute katika kadi," nikasema. Haikuwa rahisi hivyo. Simu nyingi za kisasa husoma majina ya kadi lakini hazikubali kuyabadilisha. Zinakuruhusu kuyanakili kuyaleta upande huu, basi. Ndiyo sababu watu wengi hubonyeza na kubonyeza, na kile kitufe cha kufuta hawakioni. Dawa yake ni ya kale. Chukua kadi, itie katika kabambe, nenda kwenye majina ya kadi, futa, kisha irudishe. Kadi za siku hizi ni ndogo kama ukucha, kwa hiyo utahitaji kile kipande cha plastiki cha kuishikilia ili isicheze ndani ya nafasi ya kadi kubwa. Mzee wetu mmoja alikuwa na kabambe mfukoni, ile ile ambayo vijana humcheka kwa ajili yake. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nisimame hapa kidogo, maana habari ya kadi inanihusu mimi pia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikosana na mzee mmoja wa kanisa kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Nani alikuwa na haki si habari ya leo. Jioni ya mkutano ule nilifika nyumbani nimejaa hasira, nikalifuta jina lake katika simu yangu. Nilijisikia vizuri kwa muda wa saa moja hivi. Siku chache baadaye simu iliisha moto, nikaichaji, nikaiwasha, na huyo mzee akaniangalia kutoka kwenye orodha, jina lake limekatwa mwisho kwa kuwa kadi haina nafasi ya majina marefu. Nikamfuta tena. Akarudi tena. Sikujua wakati ule habari za madaftari. Nilidhani simu yangu ni mbovu. Sitawaambia kwamba Bwana alisema nami kwa njia ya kadi ya laini, maana sijui kama ndivyo. Nasema tu kwamba nilichoka kumfuta. Wiki mbili baadaye nikampigia, tukazungumza juu ya mvua.

Turudi kwa mama.

Kabla hatujafuta chochote, binti alisema tuziokoe kwanza zile sauti. Nawasihi mlishike neno hilo, hasa ninyi mlio na vitu vya namna hiyo katika simu zenu. Kweli, kufuta jina hakufuti mazungumzo. Ukilifuta jina la mtu, maneno yake ya WhatsApp hubaki, ila badala ya jina utaona nambari tupu. Lakini simu huibwa, huanguka majini, huharibika, na kuflashi huondoa kila kitu kilichomo ndani ya simu. Kwa hiyo binti alizichukua zile sauti saba moja moja, akazipeleka katika barua pepe ya mama na katika simu ya mwanawe, na kesho yake akaziweka pia katika kile kijiti cha kompyuta. Halafu akatengeneza nakala ya majina yote ya simu katika faili moja, ile inayoishia kwa herufi vcf, ili likipotea jina lisilokusudiwa liweze kurudishwa. Kazi hiyo ilichukua kama robo saa, wala haikugharimu shilingi 1,500.

Baada ya hapo tukafuta katika kadi, kwa kabambe ya mzee. Kisha katika akaunti ya Google. Hapa nawaonya wenye haraka. Iko njia ambayo vijana huambiana, ya kuingia katika Mipangilio na kusafisha kumbukumbu yote ya ile programu ya majina. Ni kweli inaondoa majina sugu. Inaondoa na majina mengine yote yaliyo ndani ya simu. Yale yaliyo katika akaunti yatarudi yenyewe, lakini yale yaliyoandikwa katika simu peke yake hayatarudi, na utabaki ukiwauliza watu nambari zao kanisani. Usiifanye bila nakala.

Kuhusu ile orodha ya WhatsApp, jina lililoko humo ni kivuli. Huwezi kulifuta kutoka upande wa majina ya simu, kwa maana simu inaruhusiwa kulisoma tu. Lakini mwenye kivuli akiondoka, kivuli nacho huondoka, pengine baada ya kuifungua ile programu na kuiambia isome majina upya. Ndivyo ilivyokuwa.

Mengine nitayapitia upesi. Kama majina mawili yameunganishwa, yatenganishe kwanza ndipo ufute. Kama majina yalikuja na akaunti ya mahali ulipokuwa ukifanya kazi, huenda huna ruhusa ya kuyafuta moja moja, ila ukiiondoa akaunti hiyo katika simu yataondoka yote pamoja. Wenye iPhone wafanye vivyo hivyo, waitazame akaunti ambayo jina limetoka. Na zile nambari za huduma ambazo kampuni yenyewe imeziandika ndani ya kadi, msisumbuke nazo. Mwenye laini hana ruhusa ya kuzifuta. Unaweza kuzificha tu, kwa kuchagua ni daftari lipi lionyeshwe na lipi lisionyeshwe.

Sasa, jina linapofutwa katika akaunti ya Google haliangamii papo hapo. Huwekwa katika Tupio, nalo hukaa humo siku 30, ndipo linapoondolewa kabisa. Binti alieleza jambo hili kama jambo dogo. Mama akamsimamisha. "Siku ngapi?" akauliza. "Thelathini, mama."

Mama akanitazama, nami nikajua anachofikiri, kwa sababu tulikuwa tumesoma pamoja Kumbukumbu la Torati sura ya 34 katika mafunzo ya Jumatano. Wana wa Israeli walimlilia Musa katika nchi tambarare za Moabu siku thelathini, kama vile walivyomlilia Haruni kabla yake siku thelathini, kama tusomavyo katika Hesabu 20. Kisha siku za kulia zikakoma. Waliotengeneza programu ile sidhani walikuwa na Musa moyoni. Waliweka siku 30 kwa ajili ya watu wanaofuta kwa makosa. Lakini mama alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo anachokifahamu.

Siku ya 12 alikuja nyumbani kwetu akauliza kama inawezekana kulitazama lile jina. Binti akamfungulia. Alilitazama. Hakusema lirudishwe, wala hakusema lisirudishwe. Akanywa chai, akaenda zake. Mke wangu alitaka kumfuata na kumfariji, nami nikamwambia amwache.

Lakini bado sijawaeleza habari za yule kijana mwenye kofia. Wengi mmekwisha kujua jinsi mambo yalivyokuwa. Simu ya marehemu ilizimwa siku ya mazishi ikafungiwa sandukuni, na laini isiyotumiwa kwa muda mrefu huondolewa na kampuni, nambari ile ikauzwa tena kwa mtu mwingine kama mpya. Nambari za simu ni kama vyumba vya kupanga. Mpangaji akiondoka, mwingine huingia. Kijana alinunua laini, akaisajili kwa kitambulisho chake, akafungua WhatsApp, akaweka picha yake. Na kwa kuwa mama alikuwa ameiandika nambari ile "Baba Watoto", simu yake ikamwonyesha jina la yule wa kwanza na uso wa yule wa pili.

Mama, katika siku zile za hofu, alikuwa amemwandikia maneno makali sana. Alimwita mwizi wa vitu vya marehemu. Alinionyesha ujumbe ule kwa aibu. Na kijana alikuwa amemjibu. Alisema pole. Alisema yeye ni mtu wa mjengo, anabeba mawe mbali na huku, na laini aliinunua kwa wakala kama watu wote. Akasema amechoka pia, kwa maana tangu siku ya kwanza anapigiwa na watu asiowajua wakimwita kwa jina la marehemu, na akisema siye, wengine humtukana. Shule ya mtoto wa mwisho ilikuwa ingali inamtumia yeye ujumbe wa karo iliyobaki. Na mtu mmoja alipiga akisema ana deni la ndama, shilingi 4,500, anataka kulipa, atume kwa nambari hii? Kijana alimkataza. Alimwambia, "Mwenye nambari hii siye unayemtafuta." Angeweza kunyamaza akapokea.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sisi huku tulikuwa tunasema habari za mzimu, na kule kijana wa kibarua alikuwa analinda mali ya mtu aliyekufa, bila kumjua, na bila kushukuriwa. Isitoshe, alitukanwa.

Kwa hiyo naomba kila jamaa iliyofiwa, machozi yakipungua kidogo, ifanye orodha ya mahali ambapo nambari ya marehemu imeandikwa: shuleni, benki, katika sacco, katika chama, kwa wanunuzi wa maziwa. Mbadilishe kila mahali mapema, kabla laini haijapewa mtu mwingine. Siku hizi benki na programu nyingi hutuma tarakimu za siri kwa nambari iliyoandikwa kwao, na tarakimu hizo zitamfikia mwenye laini mpya, awe mwaminifu kama yule au asiwe. Na mnapotuma pesa msitegemee jina mlilojiandikia wenyewe. Katika M-PESA huonyeshwa jina la mwenye laini aliyesajiliwa kabla fedha hazijaondoka. Lisome jina hilo, hata kama una haraka na matatu inakungoja. Ukikuta umekosea na umekwisha kutuma, upeleke ule ujumbe wa uthibitisho kwa nambari 456 mara moja, maana kila dakika inayopita aliyepokea anaweza kuzitoa.

Yule mwenye deni la ndama alipatikana, naye akalipa. Shule ilipewa nambari ya mama. Mama alimpigia kijana simu, si kwa kuandika, akamwomba radhi kwa mdomo wake. Sikuwepo walipozungumza. Najua tu kwamba alimwuliza mama yake yuko wapi na kama anakula vizuri huko mjengoni, kwa sababu mama zetu hawawezi kuzungumza na kijana yeyote bila kuuliza mambo hayo.

Siku 30 zikaisha. Jina likaondoka kabisa, wala halikurudi. Zile sauti saba zipo. Wakati mwingine huzisikiliza, wakati mwingine zinapita wiki nyingi bila kuzisikiliza.

Hivi karibuni binti alikuwa akimsaidia tena, safari hii ni picha zilizojaa, akaona katika orodha nambari anayoifahamu, maana alikuwa ameifuta mahali patatu kwa mkono wake. Akashtuka. "Mama, imerudi tena?"

"Nimeirudisha mimi," mama akasema. "Soma jina."

Palikuwa pameandikwa: Kijana wa Mjengo. Watu wachache ambao hawajapata habari za msiba wangali wanampigia, naye huwaelekeza kwa mama.

Tutazungumza tena wiki ijayo saa kama hii, Mungu akipenda. Kwaherini.